Mboga Bila Maziwa

Binti yangu alipoacha kula nyama, nilinyamaza. Alipoacha maziwa, nilimwita baba yake kutoka shambani aje asikie mwenyewe kwenye simu. Alikuja na matope miguuni, akasikiliza, akasema, "Sawa, mama," maana hivyo ndivyo amemwita binti huyo tangu azaliwe, kisha akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi nilibaki nimeshika simu na hasira sina pa kuiweka. Mimi ni Mkipsigis wa kando ya Roret. Nimelelewa kwa maziwa, nimeposwa kwa maziwa, na mgeni akitoka kwangu bila kuonja mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu yenye rangi ya mkaa, atanitangaza mpaka Sigowet. Sasa mtoto wa tumbo langu mwenyewe ananiambia maziwa ni ya ndama.

Leo naweza kuyaandika haya nikicheka. Wakati ule sikucheka hata kidogo.

Alikuwa Japani, ameenda kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Karibu na hapo palikuwa na hekalu, na watawa wa hekalu walikuwa na mapishi yao ya tangu zamani yasiyo na nyama, wala samaki, wala mayai. Mara mojamoja waliwaalika wahudumu wa wazee kula. Alinieleza vyakula hivyo kwa simu mpaka nikahisi njaa: tofu laini ya simsim, uyoga, mizizi ya kila namna, boga lililochemshwa kwa utaratibu mpaka likawa tamu lenyewe, kila kitu katika kibakuli chake kidogo. "Mama, ni kama bakuli za watoto wakicheza kupika," aliniambia. Alisema alipokula aliona tumbo limetulia, na moyo pia. Nilimuuliza kama amebadilisha dini. "Hapana, mama. Jumapili naenda kanisa. Ni chakula tu."

Kilichomsumbua huko, alisema, haikuwa nyama, maana nyama mtu anaiona. Ilikuwa supu. Karibu kila supu ya Wajapani huanzia kwenye samaki mkavu aliyekatwa vipande vyembamba kama maranda ya mbao, na ukiwauliza kama kuna samaki wanakuapia hakuna. Kwao samaki ni yule mwenye kichwa na mkia kwenye sahani. Mwishowe alijifunza kupika supu yake kwa mwani na uyoga uliokaushwa. Mimi niliwacheka sana hao Wajapani. Nilisema, ni watu gani wasiojua kilicho kwenye sufuria zao wenyewe?

Alirudi, akapata kazi Kericho mjini, akaolewa na kijana wa Sigor. Mara ya kwanza kwenda kwa wakwe, mama mkwe wake alichinja kondoo na kumtolea mursik ya kibuyu cha wageni. Binti yangu alikunywa maji. Jioni hiyo hiyo simu yangu ililia.

"Bamwai," mama mkwe akaanza. Ndivyo tunavyoitana sisi wazazi ambao watoto wetu wameoana. "Bamwai, huyu mtoto amekataa maziwa yangu. Ni mimi nimemkosea ama ni kibuyu yangu iko na shida?"

Nilimweleza nilivyoweza. Akasema, "Haya. Lakini akipata mimba tutaongea." Aliposema hivyo niliona ni mwanamke mwenye ubishi, na nikampenda kidogo, kwa sababu mimi pia ni mbishi.

Mimba ikaja. Mume wa binti yangu alikuwa amepata mkataba wa kujenga barabara Turkana, na sikutaka mtoto wangu akae peke yake katika nyumba ya kupanga, kwa hiyo nilimleta nyumbani. Alifika na begi la nguo, na begi lingine zito kuliko la nguo. Ndani mlikuwa na soya, simsim, mbegu za maboga, mwani mkavu uliokunjwa kama karatasi, na chupa ndogo ya vidonge vya vitamini ambavyo alisema amekuwa akimeza tangu Japani, kwa sababu kuna kimoja ambacho mtu asiyekula kitu cha mnyama hawezi kukipata shambani hata akilima vipi. Nilifurahi kusikia kuna kitu anakubali kwamba hakipo kwenye majani. Nilimwambia ng'ombe anacho. Akacheka, akameza kidonge chake.

Jikoni kwangu alianza kutengeneza tofu. Aliloweka soya, akasaga, akachuja, akachemsha, akakamua ndimu ndani mpaka ikagandamana, akaikandamiza kwa jiwe ndani ya kitambaa. Mume wangu alionja kipande akasema haina mambo mengi. Kwake hiyo ni sifa.

Halafu tukaenda kliniki. Nesi alimvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akaangalia, akamtuma maabara. Karatasi iliporudi alisema damu ni nane, ilhali wao wanataka angalau kumi. Alitueleza taratibu kwamba mama wa damu nane akivuja kidogo tu wakati wa kujifungua anaweza kuwa hatarini, na kwamba isipopanda hawatamkubali ajifungulie pale. Atapelekwa hospitali kubwa, na huenda akaongezwa damu, ikiwa damu yenyewe itapatikana. Akampa tembe nyekundu za madini ya chuma, ameze moja kila siku.

Nilitoka pale nikihesabu siku zilizobaki. Dada yangu, yule aliyenifuata kwa kuzaliwa, alikufa akijifungua. Alivuja damu, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na gari lilikwama kabla ya lami. Nilikuwa ndani ya gari hilo. Mtu akiniambia neno damu na neno kujifungua kwa pumzi moja, mimi nasikia magurudumu yakizunguka kwenye matope.

Basi nikaingia jikoni kwa vita. Nililima isagek, ile mboga chungu ambayo wengine huiita saga, nikapika kila siku. Wimbi, maharagwe, ndengu, mbegu za maboga za kukaanga. Binti yangu alikula, lakini alikuwa akibadilika rangi. Alipanda ngazi tatu za kibaraza akishika ukuta. Na siku moja, akiwa katikati ya kula isagek yangu, aliacha kijiko.

"Mama, hii iko na nini?"

"Mboga."

"Mboga na nini?"

"Mboga na chumvi. Na vitunguu. Na maziwa kidogo ya kutoa uchungu."

Nilisema hivyo bila hata kufikiri. Hapa kwetu isagek isiyo na maziwa haijapikwa, imechemshwa tu. Sikuwa nimemficha kitu. Katika akili yangu maziwa yalikuwa kwenye kikombe, na kwenye kibuyu, na kwenye ndoo asubuhi, lakini maziwa yaliyo kwenye mboga yalikuwa mboga. Nilisimama pale na mwiko mkononi na nikawakumbuka wale Wajapani na samaki wao, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Kwa hivyo nitakuwa nakuuliza kila sahani?" na akaenda kulala.

Tangu siku hiyo nilipika kwa maji, na nikawa naonja na kukunja uso. Lakini hofu haikupungua. Bamwai alisikia habari za damu nane na akaja mwenyewe kutoka Sigor, amebeba maini ya ng'ombe yakiwa bado na joto la kichinjio. Aliyaweka kwenye meza yangu, akatoa kilemba, akaketi.

"Sikuja kuomba," alisema. "Nimekuja kuona akikula."

"Mama," binti yangu akamwambia, kwa adabu yote aliyofunzwa, "asante kwa kuja. Lakini sitakula."

"Huyo mtoto kwa tumbo ni wa kwetu pia."

"Najua, mama."

"Sasa unataka azaliwe na damu ya majani?"

Mimi ningepaswa kumtetea binti yangu. Nilikaa kimya, kwa sababu moyoni nilikuwa upande wa maini. Wale wawili walitazamana mpaka mume wangu, ambaye hupenda kupita nyuma ya ugomvi, akauliza kama kuna mtu anataka chai. Wote walitaka. Tulikunywa, bamwai akarudi kwao, na maini tukayakula mimi na mume wangu bila kuyafurahia.

Kesho yake nilinunua mfupa. Nilitaka kuuchemsha na maharagwe, kisha niutoe, nisiseme neno. Nani angejua? Sufuria ilikuwa imeshika moto na mfupa ulikuwa mkononi mwangu. Kupitia dirishani nilimwona binti yangu ameketi juani, anachambua mbegu, anaimba kwa sauti ya chini kitu cha kanisani. Alikuwa ameacha kuniuliza kila sahani. Tangu siku ya maziwa aliniuliza kwa siku chache, nikamjibu ukweli, naye akaacha. Nilifungua mlango wa nyuma nikamtupia mbwa ule mfupa, nikamtukana mbwa juu yake, kwa sababu lazima mtu atukanwe.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika, damu haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kidogo.

Nesi aliisoma karatasi mara mbili. Alitutuma mlango wa pili, kwa mama wa lishe, mwanamke mwenye miwani ambaye watu wake walitoka sehemu za kati za nchi zamani wakafungua duka mjini. Niliingia nimejiandaa. Nilijua atasema nyama, na nilikuwa tayari kumshukuru na kumchukia kwa wakati mmoja.

Hakusema nyama. Alimuuliza binti yangu anakula nini, kuanzia asubuhi. Binti yangu akataja wimbi, maharagwe, isagek, tofu, simsim, na vidonge vyake vya vitamini. Yule mama alitikisa kichwa kukubali kila neno.

"Hii chakula ni mzuri," alisema. "Kuna watu wanakula nyama na hawakuli vizuri hivi. Chuma iko ndani. Lazima kuna mahali inapotelea." Akafikiri. "Hizo tembe unameza na nini?"

"Na chai," binti yangu akajibu.

"Na chakula?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

"Hapana, situmii maziwa. Turungi."

Hapo mimi nikaingilia kwa fahari, kwa sababu nilidhani tumefika kwenye sehemu yangu. "Namtengenezea mwenyewe," nikasema. "Namkolezea kabisa, mpaka inakuwa nyekundu."

"Kwa nini unaikoleza, mum?"

"Ya kuongeza damu."

Yule mama aliweka kalamu chini, akavua miwani, akacheka bila kutaka, kisha akaomba msamaha. Nami, hata kabla hajaeleza, nilihisi ardhi ikisogea.

Alieleza polepole. Ndani ya chai kuna kitu kinachoshika chuma tumboni kabla mwili haujaichukua, na turungi kali ndiyo inayoshika zaidi. Mtu wa nyama huponea kidogo, maana chuma ya nyama haishikiki kwa urahisi hivyo. Lakini huyu binti chuma yake yote inatoka kwenye majani, nafaka na tembe, na yote hiyo tulikuwa tunaimwagia chai. Asubuhi, mchana, jioni, na kikombe cha kumezea dawa. "Mnampa kwa mkono huu, mnamnyang'anya kwa mkono huu," alisema, na akaonyesha kwa mikono yake miwili.

Nilipandwa na hasira ya ajabu. "Chai imesomesha watoto wangu," nikamwambia. "Chai imejenga ile nyumba. Ilimpeleka huyu Japani. Sasa ndio inamaliza damu yake?"

"Sijasema mwache, mum. Nimesema ingoje. Akule kwanza, akae saa moja au zaidi, ndio akunywe. Na tembe ameze na maji, ama juisi ya machungwa. Na kwa chakula amkamulie ndimu, ama ale mapera. Hiyo inasaidia chuma kuingia."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Mjaribu, halafu mrudi. Ikikataa kupanda tutampa ya sindano. Nyama si lazima."

Nje ya mlango binti yangu aliniangalia, nami nikamwangalia. Tuko katikati ya milima ya chai. Upande huu chai, upande ule chai, hata harufu ya kiwanda inapoingia kwenye nguo hatuisikii tena. Nyumbani kwangu dawa ya kichwa inamezwa na chai. Dawa ya malaria, chai. Watoto waliachishwa ziwa wakapewa chai. Si kwamba hatukuwa tumeelezwa. Nafikiri nesi aliposema "meza na maji" sisi tulisikia chai, kwa sababu kwetu kitu cha kunywa kina jina hilo moja. Tulianza kucheka hapo kwenye korido, yeye ameshika tumbo na mimi nimeshika ukuta, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tumeletewa habari njema. Nilimwambia nadhani ndiyo.

Lakini hatukuwa na uhakika bado, na nyumba ilibidi ibadilike. Chupa ya chai ikikaa mezani, mkono unaifuata wenyewe, kwa hiyo niliamuru chai isionekane saa ya kula. Mume wangu, mtu mpole ambaye binti yake alipoacha maziwa alisema tu sawa, hapo alishtuka.

"Viazi vitamu vitashukaje?" aliuliza.

"Vitashuka na maji."

"Maji ni ya kuoga."

Alivumilia kiasi. Kisha nikagundua kwamba baada ya kila chakula alikuwa anaenda kuwaangalia ng'ombe kwa muda mrefu sana, na siku moja nilimfuata nikamkuta ameketi juu ya gunia la lishe, chupa ya chai katikati ya miguu yake, ng'ombe akimtazama. Nilirudi kimyakimya. Mtu ameoa mkulima wa chai, siwezi kumtesa kupita hapo.

Mimi nilikamua ndimu kwenye isagek, na kusema kweli uchungu ulipungua kuliko nilivyotarajia. Mapera ya kwenye ua, ambayo siku zote tuliwaachia ndege, tuligombania nao. Chai ya binti yangu ilingoja. Nilipokuwa nikichuna majani na wenzangu, kikapu mgongoni, niliwasimulia, na mmoja baada ya mwingine waliacha kuchuna. Mmoja alisema mkwe wake anameza tembe zilezile na chai ya maziwa. Mwingine aliapa kwamba huo ni uongo wa watu wa kahawa. Nilimwambia sina ubishi na yeye, nangoja maabara.

Bamwai naye alisikia, na akapiga simu. "Kwa hivyo ni wewe," alisema. "Nikalaumu mboga, nikalaumu Japani, kumbe ni wewe na sufuria yako."

"Ni sisi," nikamwambia. "Hata siku ile ya maini ulikunywa naye."

Nilimsikia akihesabu vikombe. "Nilikunywa mbili," alisema mwishowe.

Tuliporudi kliniki sikuingia maabara. Nilikaa kwenye benchi na nikamwomba Mungu kwa maneno mafupi, kwa sababu marefu yalikuwa yananikwama. Binti yangu alitoka ameshika karatasi. Alinipa niisome. Kumi, na kitu kidogo mbele yake. Nesi alisema iendelee hivyo na atajifungulia palepale. Nililia mbele ya watu wote, na nilipomaliza kulia nilihisi mwepesi kiasi kwamba nilikosea mlango wa kutokea nikaingia stoo.

Uchungu ulimwanza asubuhi moja ya ukungu, tukiwa tumeshapeleka majani kituo cha kupimia. Jirani alitutolea gari. Barabara ilikuwa kavu, na nililiangalia kila jiwe lake mpaka tukafika lami. Hapo lami nilimshika binti yangu mkono, naye akaniuliza kama ni mimi ninayejifungua.

Walimwingiza. Nilikaa nje, na ndipo nilipokumbuka kwamba chakula nilichompikia asubuhi kilibaki mezani nyumbani, kimefunikwa vizuri. Mume wangu alisema atarudi kukichukua, nikamkataza, sikutaka kubaki peke yangu. Kabla ya saa za mchana bamwai akafika kutoka Sigor, amekaza kilemba, amebeba kikapu kilichofunikwa leso. Aliketi karibu nami akakiweka katikati ya miguu yake. Niliona umbo la hotpoti chini ya leso na nikajua. Ni supu ya mifupa, au ni ile damu ya ng'ombe tunayowapa waliojifungua.

"Bamwai," nikamwambia, "leo usimpe hiyo."

"Hujui ni nini."

"Najua."

"Hujui," alisema, akaikaza leso juu ya kikapu.

Mlango ukafunguliwa. "Watu wa huyu mama wa Roret?" nesi akaita. Tulisimama sote watatu. Akasema ni msichana, mzima, amelia vizuri.

"Na damu?" nikauliza. Hata sikuuliza uzito wa mtoto. "Damu ya mama yake?"

"Amepoteza kidogo tu, kawaida. Hahitaji kuongezwa. Yuko sawa kabisa."

Niliketi sakafuni. Nilimlilia binti yangu aliyekuwa hai, na nikamlilia dada yangu ambaye sikuwahi kumlilia vizuri, na bamwai akachuchumaa akanishika mabega, naye pia analia, anasema, "Kogo, simama, wewe ni kogo sasa," yaani nyanya. Mume wangu alienda kusimama dirishani akatupa mgongo.

Walipoturuhusu kuingia, binti yangu alikuwa ameegemea mto, uso umechoka lakini una rangi, na mtoto amelala kifuani pake. Alitutazama sote.

"Nina njaa," alisema. "Mama, umeniletea nini?"

Sikuwa na kitu. Nilifungua mdomo nieleze, lakini bamwai alikuwa ameshatoa leso. Aliweka hotpoti juu ya kitanda, akaizungusha kifuniko, mvuke ukatoka. Ilikuwa isagek, na maharagwe, na kando yake ugali wa wimbi. Hapakuwa na mfupa. Kwenye mfuko mdogo mlikuwa na mapera.

"Nimepika na maji," alisema kwa ukali, anatazama ukuta. "Maji tu, na ndimu. Sijawahi kupika hivyo tangu nizaliwe. Nimeonja. Ni mbaya sana, sijui mtu anakulaje. Lakini hakuna kitu ya ng'ombe ndani. Hata sufuria nilinunua mpya."

Binti yangu alinipa mtoto nimshike. Akavuta hotpoti karibu, akamega ugali, akala. Alikula bila kuongea, tonge baada ya tonge, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Bamwai aliacha kutazama ukuta. Alisogea mpaka kiwiko chake kikagusa changu, naye hakuondoa macho kwenye mkono ule uliokuwa ukienda na kurudi.

"Bamwai," alininong'oneza. "Anakula."

"Anakula," nikasema.